Peptidi ya samaki niquim isigeuzwe kibali cha kunywa pombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie habari inayozidi kusambaa, kwamba kiini kilichopatikana katika sumu ya samaki huenda siku moja kikasaidia kuulinda ubongo dhidi ya madhara ya pombe. Habari yenyewe ina msingi na inastahili kuandikwa. Ninachokihofia ni namna inavyosimuliwa, kwani kila inapopita kwa msimulizi mwingine hupunguzwa, mpaka linalobaki ni kwamba kinga ya walevi imepatikana baharini, na msomaji anayekunywa kila siku huliweka gazeti chini akiamini kuwa wanasayansi wako njiani kumletea ngao na kwamba hana haraka ya kuacha. Nimewauguza watu walioharibiwa ubongo na pombe kwa muda wa kutosha kujua kwamba imani ya namna hiyo hugharimu maisha.

Samaki anayezungumziwa ni niquim, ambaye jina lake la kisayansi ni Thalassophryne nattereri. Makazi yake ni maji ya kina kifupi ya pwani ya Brazili, hasa kaskazini-mashariki, pamoja na midomo ya mito, na desturi yake ni kujifukia mchangani au matopeni hata asionekane. Ana miiba minne yenye tundu ndani, miwili mgongoni na miwili kwenye vifuniko vya mashavu, na mvuvi au mwogaji anayemkanyaga hudungwa sumu palepale. Maumivu huwa makali kupita kiasi, mguu huvimba, na mara nyingi nyama ya mahali palipochomwa hufa na kuacha kidonda kisichopona upesi. Wanaoumizwa zaidi ni wavuvi maskini, na ni kwa ajili yao, wala si kwa ajili ya wanywaji, kwamba watafiti wa Taasisi ya Butantan ya São Paulo walianza kuichunguza sumu hiyo. Butantan ilianzishwa mwaka 1901 na inajulikana duniani kwa kutengeneza dawa za kuzuia sumu za nyoka.

Katika uchunguzi huo, kundi la watafiti akiwemo Mônica Lopes-Ferreira na Carla Lima lilitambua kipande kidogo cha protini, yaani peptidi, wakakipa jina la TnP kutokana na jina la kisayansi la samaki huyo. Peptidi hiyo haikamuliwi kutoka kwenye miiba. Inatengenezwa maabara, asidi amino moja baada ya nyingine, na haina ile nguvu ya kuozesha nyama iliyomo katika sumu kamili. Jambo lililowavutia watafiti ni uwezo wake wa kutuliza uvimbe unaotokana na mfumo wa kinga wa mwili. Katika panya waliosababishiwa ugonjwa unaofanana na ule ambao kinga ya mwili wa binadamu hugeuka na kuishambulia ala inayofunika nyuzi za neva, TnP ilichelewesha dalili na kupunguza idadi ya seli za kinga zilizovamia ubongo na uti wa mgongo. Kutoka hapo, kuuliza kama inaweza pia kuupunguzia ubongo madhara ya pombe ni hatua ya kimantiki, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Kabla ya hapo, hata hivyo, naomba jambo moja lieleweke bila utata. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na wapo watakaoichukua kauli hiyo hadi ufukweni. Sumu ya samaki mzima, awe huyo niquim au samaki mwingine yeyote mwenye miiba ya sumu, si dawa ya ulevi na haijawahi kuwa. Kuna pia samaki ambao sumu yao imo ndani ya nyama na viungo vyao, kama bunju, na sumu hiyo hupooza misuli ya kupumua na kuua mtu akiwa na fahamu zake timamu. Mtu yeyote atakayekausha, kusaga au kuchemsha samaki wa aina hizo ili amtibu mlevi atakuwa ameongeza sumu ya pili juu ya ya kwanza. Gazeti linaloandika habari ya TnP bila kulisema hili limeacha sehemu muhimu kuliko zote.

Wala si ajabu kwamba sumu inaweza kuzaa dawa, na Brazili yenyewe inao mfano bora. Mwaka 1965, Sérgio Ferreira alieleza kuwa ndani ya sumu ya nyoka jararaca mna vitu vinavyoongeza nguvu ya bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya damu, ambayo nayo ilikuwa imegunduliwa na Wabrazili wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940 walipokuwa wakichunguza sumu ya nyoka huyohuyo. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981 na ambayo imewasaidia mamilioni ya watu. Naomba wasomaji waangalie miaka hiyo. Kutoka ugunduzi wa Ferreira hadi kidonge kilichoidhinishwa ilipita miaka 16, na ndani ya muda huo peptidi ya nyoka yenyewe ilionekana haifai kumezwa, kwa kuwa tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya protini yoyote ya chakula. Ilibidi wanakemia waunde molekuli ndogo, tofauti kabisa, inayofanya kazi ileile. Anayemeza kaptoprili leo hamezi chembe ya sumu ya nyoka. Dawa ya maumivu iitwayo zikonotidi, iliyotokana na sumu ya konokono wa baharini na kuidhinishwa mwaka 2004, ni peptidi hasa, na ndiyo maana mpaka leo haimezwi: hupitishwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye maji yanayouzunguka uti wa mgongo. TnP nayo ni peptidi. Yeyote anayeiwazia kuwa kidonge cha kumeza kabla ya kwenda kunywa anapaswa kukumbuka kizingiti hicho cha tumbo, na baada yake kizingiti kingine cha ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo, ambao huzuia molekuli nyingi kupenya.

Pombe yenyewe haizuiwi na ukuta huo. Ethanoli ni molekuli ndogo inayopenya kila mahali, na dakika chache baada ya mtu kunywa huwa imeshafika kwenye ubongo. Ini huigeuza kuwa asetaldihaidi, ambayo ni sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha kuwa asetati, na katika kazi hiyo huzaliwa molekuli haribifu za oksijeni zinazoshambulia mafuta na protini za seli. Mtu anapokunywa kwa wingi na kwa muda mrefu, seli za ulinzi za ubongo ziitwazo mikroglia huamka na kutoa kemikali za uvimbe kana kwamba kuna vijidudu vya kupigana navyo, na kwa kuwa unywaji haukomi, vita hivyo navyo havikomi. Utumbo unaoharibiwa na pombe huruhusu mabaki ya bakteria kuingia kwenye damu na kuuchochea uvimbe huo zaidi. Hapa ndipo tumaini la TnP linapokaa: ikiwa peptidi hii hutuliza uvimbe katika mfumo wa neva, na ikiwa uvimbe ni mojawapo ya njia ambazo pombe hutumia kuua seli, basi huenda ikapunguza sehemu ya uharibifu. Ni hoja yenye uzito na ningependa ifuatiliwe kwa fedha na kwa subira.

Lakini nasisitiza: mojawapo ya njia. Pombe huharibu ubongo kwa njia nyingine ambazo dawa ya uvimbe haizigusi. Mlevi huanguka na kuumia kichwa. Ini lake likishindwa kazi, sumu za mwilini hupanda hadi kwenye ubongo na kumchanganya akili. Shinikizo lake la damu hupanda na mishipa ya ubongo hupasuka au huziba. Kila anapoacha ghafla, seli za neva zilizokuwa zimezimwa na pombe huwaka zote kwa pamoja, na kila mara jambo hilo linaporudiwa huacha madhara juu ya madhara. Na zaidi ya yote kuna ukosefu wa vitamini, ambao ndio hasa ulionisukuma kuandika barua hii.

Thiamini, yaani vitamini B1, ndiyo inayoziwezesha seli za ubongo kupata nishati kutoka kwenye sukari. Akiba ya mwili ni ndogo, haitoshi zaidi ya wiki chache. Mtu anayekunywa badala ya kula huimaliza, na hata kile kidogo anachokula hakinyonywi vizuri, kwa sababu pombe huzuia utumbo kuichukua thiamini. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza dalili tatu za ubongo uliokosa thiamini: kuchanganyikiwa, macho kushindwa kwenda sawasawa, na kutembea kwa kuyumba. Miaka michache baadaye Mrusi Sergei Korsakoff alieleza hali inayofuata wagonjwa hao wasipotibiwa, ambapo mgonjwa hupoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Anaweza kukusimulia vizuri mambo ya ujana wake, lakini hajui kama amekula asubuhi, wala hakumbuki kwamba uliingia chumbani mwake muda mfupi uliopita. Akiulizwa, hujaza pengo kwa maelezo ambayo hayakutokea, na hujaza kwa utulivu na uhakika kwa sababu yeye mwenyewe anayaamini. Nimewaona ndugu wakimgombeza mgonjwa wa namna hiyo kuwa ni mwongo. Si mwongo. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikimwambia lililotokea na lisilotokea imekufa, na wengi wao hawarudi tena kujitegemea.

Msiba mkubwa ni kwamba hali hii ina kinga, tena si ya kusubiriwa kutoka maabara. Ni thiamini yenyewe, ambayo imefahamika tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mgonjwa akidungwa mapema, macho na fahamu zinaweza kuanza kurudi ndani ya saa au siku chache. Tatizo ni kwamba wagonjwa wachache tu huonyesha dalili zote tatu za Wernicke kwa wakati mmoja, hata wachunguzi wa maiti wamekuwa wakiukuta ugonjwa huu katika ubongo wa watu ambao walipokuwa hai hakuna aliyeushuku. Anayeyumba na kuongea ovyo huku akinuka pombe huhesabiwa kuwa amelewa, akalazwa kando alale. Wapo pia wanaotundikiwa maji ya glukosi bila thiamini, na sukari hiyo hulazimisha ubongo kutumia thiamini ya mwisho iliyobaki. Kanuni ambayo kila muuguzi angepaswa kuishika ni kwamba kwa mtu anayekunywa sana na aliyekonda, thiamini itangulie glukosi au ziende pamoja, na itolewe kwa kushuku tu bila kungoja uthibitisho. Ninapoona kurasa zikijaa matumaini ya peptidi ambayo haijawa dawa, ilhali sindano hii iliyopo haitajwi hata kwa mstari mmoja, nahisi tumeuacha mlango ulio wazi tukagonga ukuta.

Nirudi kwenye TnP na maswali ambayo mwandishi wa habari anapaswa kuyauliza kabla hajaitaja kinga. Utafiti wa peptidi hii umetegemea panya na samaki wadogo waitwao samaki pundamilia. Samaki hawa ni msaada mkubwa kwa sayansi: viluwiluwi vyao ni angavu kiasi cha kuonekana ndani kwa darubini, hukua kwa siku chache, na takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nayo katika samaki huyo. Hata hivyo, kiluwiluwi kilichowekwa ndani ya maji yenye ethanoli kwa muda mfupi hakifanani na mtu aliyekunywa kwa miaka 20, mwenye ini bovu, asiyekula, anayevuta sigara na aliyewahi kupasuka kichwa. Swali kubwa kuliko yote ni la wakati. Kitu kinachotolewa kabla ya pombe au pamoja nayo kinaweza kuzuia madhara, na bado kisiwe na uwezo wowote wa kufufua seli zilizokwisha kufa. Wagonjwa tunaowapokea sisi hawafiki kabla ya madhara. Wanafika baada yake. Dawa nyingi zilizowahi kuulinda ubongo wa panya dhidi ya kiharusi zilishindwa zilipopelekwa kwa binadamu, na sioni kwa nini peptidi hii ichukuliwe kuwa imeuvuka mto huo kabla haijaingia majini.

Tuseme hata hivyo kwamba imeuvuka, na kwamba siku moja ipo sindano inayopunguza uvimbe wa ubongo kwa wanywaji. Bado haitazuia saratani, kwa kuwa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Haitaokoa ini. Haitamzuia mtu kumgonga mwenzake barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019, na sehemu kubwa ya vifo hivyo haitokani na ubongo kuharibika polepole. Kwa mtoto aliye tumboni sitaki hata jambo hili liachwe kwenye kubahatisha: pombe ya mama huvuka kondo la nyuma, madhara yake kwa ubongo wa mtoto yalielezwa na Paul Lemoine nchini Ufaransa mwaka 1968, kisha na madaktari wa Seattle nchini Marekani mwaka 1973, na mama mjamzito asinywe kabisa.

Na wasomaji wanaojihesabu kuwa wanywaji wa kiasi wasidhani kwamba mazungumzo haya ni ya watu wengine. Uchunguzi wa picha za ubongo za watu wazima zaidi ya 36,000 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kadiri unywaji unavyoongezeka ndivyo ujazo wa ubongo unavyopungua, na tofauti hiyo ilianza kuonekana hata kwa wanaokunywa kinywaji kimoja au viwili kwa siku. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba pombe ndiyo iliyopunguza ubongo wa kila mmoja wao, lakini unatosha kumfanya mtu mwenye busara apunguze leo badala ya kungoja dawa.

Jambo la kutia moyo, ambalo naliona likiandikwa kwa nadra mno, ni kwamba ubongo wa mtu aliyeacha pombe huanza kujirekebisha. Sehemu ya ujazo uliopotea hurudi ndani ya wiki na miezi, usingizi hutulia, na umakini na kumbukumbu huimarika kwa wengi, ingawa si kwa wote na si kikamilifu. Zipo pia dawa zilizokwisha kuidhinishwa, kama naltreksoni na akamprosati, ambazo humsaidia mraibu kupunguza hamu au kudumu katika kuacha, na hutumiwa na watu wachache kuliko wanaozihitaji, kwa kiasi kikubwa kwa sababu jamii bado inauona ulevi kuwa ni ukosefu wa tabia njema na kumwambia mgonjwa ajikaze.

Kujikaza peke yake, tena, kunaweza kuua. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, kutetemeka mwili mzima, huku moyo ukienda mbio na joto likipanda. Hali hiyo hutibika hospitalini kwa dawa za kutuliza kama diazepamu, maji na thiamini, na bila matibabu huweza kumaliza maisha ya mtu aliyekuwa na nia safi kabisa ya kujirekebisha. Familia nyingi hazijui jambo hili. Humfungia ndugu yao ndani ili asipate pombe, wakidhani wanamsaidia.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako litakapoandika tena kuhusu peptidi ya niquim, limweleze msomaji ni kiumbe gani kilichojaribiwa, kama peptidi ilitolewa kabla au baada ya pombe, na kama kuna binadamu yeyote aliyekwisha kupewa. Na katika ukurasa huohuo zitengwe safu chache za kueleza dalili za ukosefu wa thiamini na hatari za kuacha pombe ghafla, kwa lugha ambayo mke, mama au jirani wa mnywaji anaweza kuisoma asubuhi na kuitumia jioni ileile.

Wako katika ujenzi wa afya ya jamii,

Muuguzi na msomaji wa gazeti lako